Mchelewaji, aliyeanguka na wasichana 17: jinsi Serenade ilivyotungwa

Jioni ya tarehe 14 Machi 1934, katika chumba cha mazoezi cha ghorofani kwenye mtaa wa Madison Avenue, New York, walifika wasichana 17. Kwa mtunzi wa dansi, hiyo ni idadi ya kuudhi. Wakiwa 16 unawapanga mistari minne ya wanne wanne, au miwili ya wanane wanane, na kazi imekwisha. Wakiwa 18 wanagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa sita. Lakini 17 haigawanyiki. Panga mistari uwezavyo, kuna mtu atabaki bila mwenzake.

Mwalimu wao, George Balanchine, hakumpunguza mtu wala hakumwongeza. Dansi aliyoianza jioni ile ndiyo Serenade, na mpaka leo pazia lake linafunguka juu ya wanawake 17 waliosimama kimya.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya bahati: siku moja walikuja 17, akatunga kwa ajili ya 17, darasa lililofuata wakaja 9, akatunga kwa ajili ya 9, kisha 6. Msichana mmoja akaanguka akalia, likaingia kwenye dansi. Mwingine akachelewa, nalo likaingia. Yote haya ni kweli, Balanchine mwenyewe aliyasimulia. Ila anayeishia hapo anatoka na funzo la uongo, kwamba utunzi ni kungoja ajali na kuikumbatia. Kila chumba cha mazoezi duniani kina watu wanaochelewa na watu wanaoanguka, na dansi nyingi zinazotoka humo hazina maana yoyote. Cha kuchunguza ni mahali alipoziweka ajali zile, na kwa nini ni pale na si pengine.

Kwanza hali aliyokuwa nayo. Balanchine alikuwa na miaka 30. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1904, baba yake akiwa mtunzi wa muziki kutoka Georgia. Alilelewa katika shule ya baleti ya kifalme, akasoma na muziki katika konservatori ya mji huohuo. Jambo hili la pili tutalihitaji mbele. Alikuwa mtunzi wa mwisho wa kundi la Ballets Russes la Sergei Diaghilev hadi Diaghilev alipofariki mwaka 1929. Lincoln Kirstein, Mmarekani mpenda sanaa, alipomwalika Marekani ili aanzishe kundi, Balanchine alishikilia kwamba shule itangulie. Alifika Oktoba 1933, na tarehe 2 Januari 1934 School of American Ballet ikafungua milango. Kwa hiyo mwezi Machi wanafunzi walikuwa na wiki kama kumi tu pamoja. Hawakuwa wageni kabisa wa baleti, lakini kila mmoja alikuja na mkono wake, shingo yake na hesabu yake kutoka kwa mwalimu wake wa zamani.

Darasa la jioni lilikuwa la kuwafundisha tofauti kati ya kufanya zoezi na kucheza jukwaani. Mtu anaweza kufanya zoezi kwenye nondo ya ukutani bila kosa, kisha ukimwondoa ukutani ukampa jirani mbele, jirani nyuma na muziki unaokimbia, akapotea. Balanchine alichagua muziki wa Tchaikovsky, Serenade ya vinanda vya nyuzi, namba 48, uliotungwa mwaka 1880. Hauna hadithi. Una sehemu nne: Sonatina, Walzi, Elegia (wimbo wa huzuni), na mwisho wenye nyimbo za Kirusi.

Umbo la uru

Mmoja wa wanafunzi wa siku ile alisimulia baadaye kwamba Balanchine aliwapanga kwa mshazari, akiwafananisha na miti ya michungwa katika mashamba ya California. Matokeo yake ni maumbo mawili ya uru, kama ule wa kwenye karata, yaliyogusana pembe.

Chukua kokoto 17 uzipange mezani. Uru mmoja una safu za mtu 1, 2, 3, 2, 1; jumla 9. Weka wa pili kando yake. Ungekuwa na 18, lakini pembe ya kulia ya ule wa kwanza na pembe ya kushoto ya ule wa pili ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo 17. Ukitazama kutoka mbele, safu zinasomeka 2, 4, 5, 4, 2. Yule wa 17 aliyeonekana mzigo ndiye kiungo: amesimama katikati kabisa, na bila yeye maumbo mawili yanaachana.

Faida ya mpango huu si uzuri wa hesabu pekee. Mistari ya mraba ina kasoro mbili jukwaani. Mtu wa nyuma anafichwa na wa mbele, na kila kosa la kusogea kwa sentimita 20 linaonekana, maana jicho hupenda kupima mstari ulionyooka. Katika mshazari, kila safu inaangalia kwenye nafasi zilizoachwa na safu iliyo mbele yake. Anayefichwa ni yule aliye safu mbili nyuma, na hapo tayari umbali umeshamsaidia. Zaidi ya hayo, jicho la mtazamaji halitulii kwenye safu. Linateleza kando, likidhani watu ni wengi kuliko walivyo.

Kwa vipimo: ukiacha mita 2 kati ya jirani na jirani kwenye safu, safu ya watano inachukua mita 8, na uongeze nafasi ya mkono kila upande. Kina ukiacha mita 1.3 kati ya safu na safu, ni kama mita 5. Hilo linaenea kwenye jukwaa la kawaida. Ukibana chini ya mita 1.5 kwa upana, mikono inagongana pale mguu na mkono vinapofunguka kando pamoja. Kosa la kawaida la makundi yanayojifunza umbo hili ni kuweka alama sakafuni kwa safu ya mbele tu na kuwaambia wengine wajipime kwa macho. Weka alama ya yule wa katikati kwanza, kisha pembe nne za kila uru, na wanaobaki wataziona nafasi zao wenyewe.

Mkono, halafu miguu

Wanaanza wakiwa wamesimama kama mtu yeyote anavyosimama, miguu sambamba, visigino pamoja. Mkono wa kulia uko juu kwa mshazari, kiganja kikitazama nje, kama mtu anayejikinga na mwanga. Hakuna anayesogea huku nyuzi zikiingia na ile ngazi nzito ya Tchaikovsky inayoshuka. Kisha kifundo cha mkono kinalegea. Mkono unakuja kwenye kipaji cha uso, unashuka kifuani. Halafu, wote kwa pamoja, vidole vya miguu vinafunguka nje, mkao wa kwanza. Mguu unanyooka kando hadi ncha, unafunga mkao wa tano (unyayo mmoja mbele ya mwingine, umebanana nao), mikono inafunguka, uso unainuka.

Basi. Hakuna mruko wala mzunguko. Kila mwanafunzi wa baleti hufundishwa mkao wa kwanza siku ya kwanza. Balanchine alichukua kitu ambacho wasichana wale wote walikijua bila shaka yoyote, akakipa nafasi ambayo kwa kawaida hupewa nyota wa kundi. Ukiwa na watu 17 wenye ujuzi usiolingana, njia ya kuwalinganisha ni kuwapa kitendo ambacho hata dhaifu wao hawezi kukikosea, halafu ukidai usahihi wa wakati.

Wanakosea wapi basi? Kwenye kufungua miguu. Wengi hugeuza nyayo kwanza, na goti likafuata kwa kuchelewa; kitu kikubwa kinachotakiwa kionekane kama pazia linalofunguka kinaonekana kama watu wanaotafuta viatu gizani. Mgeuko unatoka nyongani: paja linazunguka ndani ya kiungo chake, goti na unyayo vinabebwa nalo. Uzito usiwe umezama visiginoni, la sivyo mwili unayumba mbele wakati nyayo zinapofunguka. Ukirudia zoezi hili mara ishirini kwa kugeuza nyayo peke yake, goti litakuuma kabla dansi haijaanza. Tatizo la pili ni hesabu. Mwendo wa mwanzo ni wa polepole, na watu 17 wakihesabu kila mmoja kichwani mwake wanaachana. Ni bora wafundishwe kuvuta pumzi pamoja na upinde wa violini. Pumzi huonekana mgongoni mwa aliye mbele, hesabu haionekani.

Msomaji aliyewahi kutazama lelemama atalielewa jambo hili haraka: safu ya wanawake wanaosogeza mikono tu, kidogo tu, na huwezi kuondoa macho.

Tisa, sita, na mwanamume wa kwanza

Darasa la pili walikuja 9. Wengine wangerudia ya juzi kwa waliopo na kuacha mapengo. Yeye alitunga kipande kipya cha watu 9. Ya tatu ikawa ya 6. Wanaume walipoanza kufika, wakaingizwa. Ndiyo maana Serenade haina ule mpangilio wa kizamani wa malkia mmoja katikati na kundi lililosimama pembeni kama maua ya harusi. Makundi yanavimba na kusinyaa, mtu anatoka kwenye kundi, anacheza peke yake, anarudi kumezwa. Katika maonyesho ya kwanza nafasi za mbele ziligawanywa kwa wasichana kadhaa. Miaka iliyofuata Balanchine alizikusanya na kuzigawa upya mara zaidi ya moja kulingana na aliokuwa nao. Leo kwa kawaida ni wanawake watatu, ambao wachezaji huwaita msichana wa walzi, msichana wa Kirusi na malaika mweusi.

Kuwafanya wachache waonekane wengi kuna mbinu zake, na iliyo kuu ni kanoni: kishazi kimoja cha mwendo kinachezwa na wote, ila kila mmoja anaanza baada ya mwenzake. Chukua watu 6 na kishazi cha hesabu 8. Wakicheza pamoja, kimekwisha kwa hesabu 8. Mmoja akianza kila baada ya hesabu 2, wa sita anaanza kwenye hesabu ya 11 na kumaliza kwenye ya 18. Umepata zaidi ya mara mbili ya muda kwa hatua zilezile, na jukwaa halina hata mara moja watu wawili wenye umbo moja. Hatari yake ni mtu wa tatu. Wa kwanza ana muziki, wa pili anamfuata wa kwanza. Wa tatu akichelewa nusu hesabu, wote wa nyuma yake wanaurithi uchelewaji huo. Mweke mwenye sikio zuri kuwa wa tatu.

Anguko

Siku moja, wasichana wote wakikimbia kutoka kwenye eneo lililochukuliwa kuwa jukwaa, mmoja alianguka akaanza kulia. Balanchine alimwambia mpiga piano aendelee, na kipande kile akakiacha ndani ya dansi.

Zingatia mpiga piano. Muziki ukisimama, kilichotokea ni ajali: watu wanakimbilia, wanauliza kama ameumia, mazoezi yanaanza upya. Muziki ukiendelea, mtu aliyelala sakafuni ghafla ana hesabu zinazompita juu. Amekuwa sehemu ya utunzi kabla mtunzi hajaamua.

Zingatia pia alianguka lini. Ni wakati wa kutoka. Kutoka kwa watu wengi kwa kasi ndiko kwenye ajali nyingi kuliko kuingia, maana anayeingia ana nia na anayetoka ameshamaliza akilini mwake. Watu 17 wakielekea mlango mmoja wa pembeni, walio karibu wakipunguza mwendo wanapofika nyuma ya mapazia, walio nyuma wanawagonga. Sheria ya kawaida ni kwamba anayetoka aendelee kukimbia angalau hatua tatu baada ya kutoonekana.

Katika toleo linalochezwa leo, anguko liko mwisho wa sehemu ya Kirusi: wote wanatoweka, mmoja anabaki sakafuni, na sehemu ya mwisho inaanza akiwa amelala pale. Yaani anguko limewekwa mlangoni kati ya sehemu yenye furaha kuliko zote na ile yenye huzuni. Lingewekwa katikati ya sehemu, lingekuwa tukio, na tungengoja tuone atainukaje. Lilipo, ni daraja.

Baleti ya kale haikuipenda sakafu. Mafunzo yote yanasukuma mwili juu, na wanaokufa jukwaani hufa kwa adabu. Lakini katika New York hiyohiyo dansi ya kisasa ilikuwa imekwisha kuichukua sakafu na uzito wa mwili kuwa mali yake. Doris Humphrey alikuwa akifundisha kwamba mwendo wote uko kati ya kuanguka na kujirudi, na Martha Graham alikuwa na kundi lake tangu 1926. Sidai kwamba Balanchine alichota kwao. Ninachosema ni kwamba mwaka 1934 mwanamke wa baleti aliyelala chini bila kufa halikuwa jambo dogo.

Kwa wanaolicheza: usianguke kwa goti, wala usiutangulize mkono ulionyooka, kwani kifundo cha mkono ndicho kitakacholipa. Goti linakunjwa, upande wa muundi unagusa kwanza, kisha upande wa paja, nyonga, ubavu. Mkono unateleza kwenda mbele ukiwa mwisho kufika. Kichwa hakigusi ila kwa kutaka. Na mchezaji asiigize mshtuko. Msichana wa 1934 hakupanga kuanguka. Anayepanga akaonyesha kwamba hakupanga anaonekana kutoka safu ya mwisho ya ukumbi.

Mchelewaji

Hapa ndipo penye ustadi mkubwa kuliko kote, na ndipo panaposimuliwa kwa haraka kuliko kote.

Tchaikovsky aliianza sehemu ya kwanza kwa ile ngazi nzito inayoshuka, akaingia kwenye mwendo wa kasi, na mwisho wa sehemu akairudisha ngazi ileile. Muziki unarudi nyumbani. Balanchine anawarudisha wachezaji nao: kutoka kwenye duara la mizunguko ya kasi wanajipanga tena, uru mbili, mkono wa kulia juu. Picha ya mwanzo imerudi kama ilivyokuwa.

Ndipo anaingia msichana aliyechelewa. Anatembea kati ya wenzake, akitafuta. Anaipata nafasi yake, anasimama, anainua mkono kama wao.

Jaribu kumhamisha. Mweke mwanzoni kabisa, pazia linapofunguka: mtazamaji hajui bado mpangilio ni upi, kwa hiyo hajui kuna anayekosekana, ataona mtu anatembea tu. Mweke katikati ya mwendo wa kasi: wote wanakimbia, kuchelewa kwake hakuna maana. Ni pale tu ambapo mtazamaji ameshaiona picha, ameisahau, na inarudi, ndipo anapoweza kujua bila kuambiwa kwamba huyu ana mahali pake na hayupo. Marudio ya muziki ndiyo yaliyofanya kuchelewa kusomeke. Mtu asiyesoma muziki angeweza kuipenda ajali ile na bado asijue pa kuiweka.

Kisha, akishainua mkono, wenzake wote wanashusha mikono na kuondoka polepole. Anabaki yeye peke yake katika mkao wa kundi ambalo halipo tena. Mwanamume anaingia kutoka pembe ya nyuma, anatembea kwa mshazari hadi alipo, anamgusa. Walzi inaanza.

Kwa upande wa kazi, kipande kigumu ni kutoka kwenye duara hadi kwenye uru bila fujo, kwa muda mfupi. Njia inayofanya kazi ni kila mtu kupewa pa kutokea kwenye duara panapokaribiana na alama yake, wa safu za nyuma watoke kwanza, na asiwepo anayekata njia ya mwenzake. Wawili wakikatana, badilisha alama zao. Hakuna mtazamaji anayejua nani alisimama wapi mwanzo.

Sehemu ya mwisho iliyohamishwa

Tchaikovsky alipanga hivi: Sonatina, Walzi, Elegia, kisha mwisho wenye nyimbo za Kirusi. Kwa lugha ya wanakwaya, doh ni C, halafu G, halafu D, kisha mwisho unaanza kwenye G na kurudi C. Safari na marejeo.

Toleo la 1934 halikuwa na sehemu ya Kirusi kabisa; Balanchine aliiongeza mwaka 1940. Alipoiongeza hakuiweka mwisho. Aliiweka ya tatu, na Elegia ikabaki kufunga. Wapo waliouona huo kuwa utovu wa heshima kwa mtunzi. Angalia mishono lakini. Walzi inaishia G, na utangulizi wa sehemu ya Kirusi ni wa G: vinashikana bila kuonekana uzi. Sehemu ya Kirusi inaishia C kwa kelele na shangwe, mahali ambapo Tchaikovsky alikusudia watu wapige makofi waende nyumbani. Elegia ya D inaanza baada ya hapo, ikiwa imetoka nje ya mlango uliokwisha kufungwa. Na dansi nzima inaishia D, hairudi C tena. Mtazamaji asiyejua noti hata moja anasikia kwamba hatukurudi tulikotoka.

Katika Elegia mwanamume anaingia akisukumwa mbele na mwanamke aliye nyuma yake, mkono wa mwanamke ukiwa umemziba macho, hadi kwa yule aliyelala. Kuna tendo moja hapo ambalo watu hukumbuka miaka mingi: malaika mweusi amesimama kwenye ncha ya kiatu kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka nyuma katika arabeski, naye anazunguka taratibu kama sanamu juu ya kibao. Anayemzungusha yuko chini karibu na sakafu, ameshika paja la mguu aliosimamia. Mwanamke haoni anayemshika na hawezi kujisahihisha kwa mikono. Akijaribu kujisaidia kwa kuzungusha nyonga mwenyewe, mizunguko miwili inapingana na anaanguka. Kazi yake ni kuwa gogo, mguu umefungwa kuanzia kifundo hadi nyonga. Kazi ya mwanamume ni kuzungusha bila kuvuta upande hata kidogo, maana sentimita chache pajani ni kubwa zaidi kichwani. Mazoezi huanza kwa viatu laini, unyayo wote chini, robo mzunguko tu.

Mwisho msichana wa walzi anainuliwa akiwa wima na kubebwa kwa mshazari kuelekea mwanga wa pembe ya nyuma, wenzake wakimfuata, naye anapinda mgongo na kufungua mikono. Wabebaji watembee magoti yakiwa yamelegea na hatua ziwe sawa. Mmoja akinyoosha goti, yule wa juu anayumba kama nazi mnazini, na hali yote takatifu imekwenda.

Mvua, sketi, na matoleo

Onyesho la kwanza lilikuwa la nje, kwenye shamba la familia ya Warburg karibu na White Plains, jimbo la New York, katika sherehe ya kuzaliwa ya Edward Warburg, mmoja wa wafadhili. Mvua ya tarehe 9 Juni iliisukuma Serenade hadi tarehe 10. Tarehe 1 Machi 1935 ilifika kwenye Adelphi Theatre mjini New York.

Sketi ndefu za neti ya buluu hafifu ambazo kila mtu anazijua hazikuwepo. Zilishonwa na Karinska mwaka 1952. Zimebadilisha dansi kuliko inavyodhaniwa. Mwili ukisimama, neti inaendelea kwa muda kabla ya kutulia, kwa hiyo kusimama kwa ghafla kunasomeka kama kuzimika kwa taa badala ya kukatika kwa umeme. Mizunguko inapata umbo la kengele. Kwa upande wa hasara, miguu inafichwa, mchezaji mwenye miguu mivivu anapona, na wakati wa anguko neti hujikunja chini ya goti na kuteleza. Fanya mazoezi ya anguko na sketi halisi, au ya kuazima yenye urefu uleule, wiki mbili kabla; siku ya mwisho ni kuchelewa. Nywele kufunguliwa katika Elegia kulikuja karibu na mwisho wa maisha ya Balanchine, aliyefariki tarehe 30 Aprili 1983.

Kwa hiyo unapoulizwa "Serenade ya asili ni ipi", swali lenyewe ni gumu. Alikuwa akiibadilisha kwa miaka karibu hamsini. Leo kundi linalotaka kuicheza linaomba ruhusa kwa The George Balanchine Trust, iliyoundwa mwaka 1987, ambayo hutuma mtu aliyewahi kuicheza aje aifundishe kwa mwili. Maandishi ya dansi yapo, lakini "tembea ukitafuta nafasi yako" huandikwa vibaya.

Dansi yenyewe ina wenyewe, mbinu haina. Mwenye kundi dogo anaweza kuijaribu kwa hatua zake mwenyewe. Uru mdogo una watu 4 (1, 2, 1). Mbili zikigusana ni 7, safu 2, 3, 2. Tatu ni 10. Nne ni 13. Ukiwa na watu 8, uwatunge 7 na usimfiche wa nane nyuma. Onyesha picha ya 7 mwanzoni kwa muda wa kutosha, kama sekunde 20, watu waizoee. Ivunje. Irudishe pale muziki unaporudi, na mmoja wa wale saba awe hayupo, nafasi yake wazi. Yule wa nane ndiye aingie.

Mara ya kwanza atakimbia, mwambie atembee. Mara ya pili atatazama sakafuni kwenye alama; ifute alama, atazame nyuso za wenzake. Mara ya tatu atauliza aonyeshe hisia gani. Mwambie kuna pengo moja, alitafute.